Mzee Aliyepima Maji ya Ghuba Yetu

Juma lililopita, mwanamke anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, karibu na ukuta wa soko la Nyawera alinipimia samaki, akaongeza kidogo juu, kisha akasema bila kuinua macho: "Unajua yule muzee, papa ya sahani, alikufa? Balimuzika juzi kule Katana." Alisema hivyo kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha upande wa pili wa mlima. Halafu aliniangalia, akaona uso wangu, akaacha kazi yake. "Pole, mutoto yangu," akasema. "Sikujua kama alikuwa mutu yenu." Nilitaka kumjibu kwamba hakuwa mtu wetu wa ukoo, kwamba alikuwa mzee tu aliyepita kwenye ghuba yetu kila juma kwa miaka kadhaa. Lakini maneno hayakutoka, nikapokea samaki wangu nikaenda zangu. Ndiyo maana naandika leo. Yale ambayo sikuweza kuyasema pale sokoni nimeyatafuta siku kadhaa, neno baada ya neno, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wasomaji wanaokaa kando ya ziwa watamkumbuka. Alishuka na lori kutoka upande wa Lwiro kila Jumatatu, amevaa abakosti, koti la kijivu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akalala kwa binti yake katika mtaa wetu, na kesho yake akakodi mtumbwi. Ndani ya mtumbwi alikunja suruali mpaka magotini lakini abakosti hakuivua kamwe. Kazi yake ilikuwa kupima maji kwa ajili ya wanasayansi wa Lwiro. Alikuwa na sahani ya chuma, bapa, iliyopakwa rangi nyeupe, na kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo nusu meta. Aliishusha sahani majini polepole, uso wake ukiwa karibu kugusa ziwa, mpaka weupe ule ukafifia na kupotea. Hapo alihesabu mafundo na kuandika katika daftari. Basi. Halafu alipiga makasia mpaka mahali pengine, akaanza tena.

Sisi wavuvi wa ghuba tulimdhania mengi. Wengine walisema anauza ziwa. Wengine walisema anaweka dawa ya kuwafukuza samaki waende kisiwani Idjwi. Siku moja mvuvi mmoja mwenye mdomo mrefu alimpigia kelele kutoka mtumbwi wa jirani: "Papa! Unatafuta nini mule? Ulitupa bibi yako?"

"Bibi yangu iko nyumba," mzee akajibu bila kugeuka. "Niko natafuta pahali macho yangu inaishia."

"Na batu ya Lwiro banakulipa juu ya kuona sahani inapotea?"

"Ndiyo, banalipa."

"Mungu wangu! Miye nilipoteza sahani tatu mu hii ziwa, ata mutu moya hakunilipa!"

Tulicheka mpaka mitumbwi ikayumba, na mzee akacheka kuliko sisi sote. Tangu siku ile tulianza kumsogelea, na yeye alitufundisha bila kujifanya mwalimu. Alituambia kwamba maji meupe, yale yanayopendeza machoni, ni maji yenye njaa, hayana chakula cha samaki. Maji ya kijani yana chakula. Alituambia kwamba ziwa letu limeficha utajiri mwingi chini kabisa, pamoja na hewa mbaya, na kwamba upepo wa kiangazi unapokoroga maji, sehemu ya utajiri ule hupanda juu, na baada ya hapo sambaza huongezeka. Hata sambaza wenyewe, alisema, si wenyeji; walichukuliwa Tanganyika wakaletwa hapa wangali wadogo, wakapaona pazuri, wakakaa. "Sawa batu ya Bukavu," alimalizia. Wavuvi wakawa wanamngoja kila Jumanne ili wamwulize sahani imepotea kwenye fundo la ngapi, na ilipopotea mapema walitupa nyavu hapo hapo. Yeye hakulipenda jambo hilo. Alikuwa akirudia: "Sahani haina samaki. Sahani iko na maji tu." Hawakumsikiliza, kwa sababu mara nyingi walipata.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuunganisha naye, jambo la nyumbani kwetu. Miaka mitatu iliyopita dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa. Baba alikuwa amekwenda upande wa Mwenga kutafuta dhahabu na barua zake zilikuwa zimekoma. Wakwe, watu wa Walungu, walikuwa wamekwisha leta ng'ombe zao, wakamkabidhi baba mdogo kwa heshima zote, lakini maneno yalitufikia kwamba huko kwao wanaulizana kama nyumba isiyo na mwanamume inaweza kupokea wageni. Mama aliyasikia. Alichofanya ni kuniagiza nijenge uzio wa matete kwenye maji, pale ambapo kijito cha mtaa wetu kinaingia ziwani, na kila tilapia mkubwa niliyemvua nimtie humo akiwa hai. Alitaka siku ya arusi kila mkwe awekewe samaki mzima, aliyetolewa majini mchana wa siku ile, kichwa na mkia vikitokeza nje ya sahani. Kwa miezi miwili nilivua na kutia, nilivua na kutia. Samaki wale walinenepa ajabu. Mama alishuka kila jioni kuwatazama, na ninaamini katika miezi ile hakuwa na furaha nyingine.

Juma la arusi, Jumanne, mzee alipima karibu na uzio wetu. Alipima mara mbili. Kisha alipanda mpaka nyumbani, viatu mkononi, akamkuta mama anachambua maharagwe.

"Maman, ile samaki yako itakufa siku ya posho."

Mama akasimamisha mikono. Siku ya posho, yaani Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya arusi. "Nani ataiua?"

"Fagio yako."

"Fagio yangu? Papa, fagio yangu ilikukosea nini?"

Ili msomaji aelewe, lazima niseme jambo ambalo sote tulilifanya na hakuna aliyelionea haya. Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya pamoja, na mtaa wetu ulijulikana kwa usafi. Mama ndiye aliyewaongoza wanawake. Walifagia kutoka juu kabisa, maganda ya ndizi, majivu, manyoya ya kuku, mavi ya mbuzi, yote yakasukumwa mpaka kwenye kijito, na kijito kikayachukua. Tulipogeuka kutazama nyuma tuliona barabara safi, tukafurahi. Hatukuwahi kujiuliza kijito kinayapeleka wapi. Kijito kilikuwa kinayapeleka kwetu, chini, mlangoni mwa uzio wetu.

Mzee alieleza taratibu. Wakati wa mvua kijito kina nguvu, kinatupa uchafu mbali. Wakati wa kiangazi kinakuwa chembamba, kinaweka kila kitu pale pale mdomoni. Uchafu unaoza, na kuoza kunakula pumzi ya samaki. "Kidogo inanenepesha, njo maana samaki yako iko minono vile," alisema. "Mingi inaua. Na leo maji imekuwa muzito sana. Salongo moya tena, itakwisha."

"Papa, samaki ya miye ilikula uchafu ya miye miezi mbili, haikukufa."

"Maman, twende uone na macho yako."

Mama yangu amezaliwa akitazama ziwa, amefua nguo ndani yake, amechota maji yake, lakini hakuwa amewahi kukaa kwenye mtumbwi. Siku ile alikaa, ameshika kingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba mpaka mzee alipomwambia ayafumbue. Pale kwenye uzio alimpa kamba aishushe mwenyewe. Sahani ilipotea kwenye fundo la pili. Nikapiga makasia mpaka kwenye ncha ya mawe, kule ambako ghuba inafunguka kuelekea ziwa kubwa, akaishusha tena. Mafundo yalipita mkononi mwake moja moja, na sahani bado inang'aa, mpaka la tisa. Mama akairudisha kamba kwa mzee. Tulipofika ufukweni aliniambia: "Kesho unahamisha samaki. Unapeleka kule kwa mawe."

Hapa ndipo kosa lilipoingia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mimi nilijua ncha ile ya mawe. Nilikuwa nimevua pale misimu mitatu. Nilijua kwamba kiangazi, baada ya saa sita mchana, siku nyingi upepo wa ziwa kubwa unapiga mahali pale, na hata mtumbwi mzito unaogopa kukaa. Mzee alijua maji, lakini alipima asubuhi tu, na saa zile ncha huwa imetulia. Matete hayakuwa kazi yake. Nilisimama pale na lile neno kinywani, upepo, neno moja tu. Lakini wazee wawili walikuwa wamekwisha kubaliana, mmoja ni mama yangu na mwingine ni mtu wa daftari, na mimi ninapokuwa mbele ya watu wawili wakubwa sauti yangu hukaa tumboni. Nilisema, "Ndiyo, maman." Jumatano tulihamisha. Tulibeba samaki kwa vikapu vyenye majani mabichi, safari nyingi, na mzee ambaye siku ile alipaswa kupanda lori kurudi kwao alibaki akatusaidia kuchomeka matete, abakosti yake imelowa mpaka kifuani.

Alhamisi alasiri upepo ulikuja. Nilipofika nilikuta matete yanaelea kama nyasi zilizokatwa, na ndani ya uzio hamkuwa na samaki hata mmoja. Walikuwa wamekwenda, wazima na wanono, kwenye ziwa lao.

Sikuweza kwenda nyumbani. Nilikaa juu ya mawe mpaka mzee akanikuta pale, maana naye alikuwa amesikia upepo akiwa kwa binti yake na akaja mbio. Alitazama, akaniinua kwa mkono. Tulipofika kwa mama alitangulia yeye. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema amesimama: "Maman, samaki yote imekimbia. Ni miye. Nilikuambia uhamishe na sikuuliza upepo. Kosa iko ya miye, haiko ya mutoto."

Mama alikuwa na maneno makali siku zile, sitayaandika yote. Alimwuliza kama Lwiro wanafundisha watu kuharibu arusi za wengine. Alimwambia kwamba wakwe watakula maharagwe na watarudi Walungu wakicheka, na watakuwa wamemcheka yeye, hawatamcheka mtu wa sahani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kila mama alipotulia, mzee alijibu neno lile lile: "Ndiyo, maman." Mimi nilikuwa nyuma yake, mlangoni, na lile neno upepo lingali kinywani, sasa limekuwa chungu. Sikulitoa.

Ijumaa mzee alizunguka. Alikwenda kwa wavuvi wa ghuba mmoja mmoja, mpaka upande wa Ruzizi, na kwa kila mmoja alisema: yule mama ambaye samaki wake niliwapoteza anamwoza binti yake kesho. Hakusema zaidi. Wavuvi wale wale waliokuwa wakimtania walimpa, huyu konzi mbili, yule kikapu, mwingine tilapia wawili wadogo. Jumamosi asubuhi, wakati wanawake wamekwenda salongo, aliweka mlangoni kwetu vikapu vitatu vya sambaza na tilapia wachache, akaondoka bila kubisha. Mama alivitazama kwa muda mrefu. Sambaza ni chakula cha kila siku. Hakuna aliyeota kumpikia mkwe sambaza. Lakini alivikaanga, kwa sababu hapakuwa na kingine. Na baba wa bwana arusi, mtu wa ng'ombe ambaye kule kwao mlimani samaki humfikia mara chache na mkavu, alipoona sinia limejaa sambaza hadi juu alishika kichwa: "Maman! Kwetu tunagawanya samaki moya batu ine. Weye unaniwekea kijiji nzima mu sahani!" Watu walicheka, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Dada yangu aliondoka kwetu kwa heshima. Alichokuwa anakiogopa mama hakikutokea.

Lakini Jumatatu mama alishuka kufua nguo, akamkuta jirani yetu fundi viatu, ambaye naye alikuwa na uzio wake hatua chache kutoka pale ulipokuwa wetu, na aliyeonywa na mzee asisikie. Alikuwa anatoa samaki waliokufa kwa ungo. Walikuwa wameanza kupanda juu tangu Jumamosi asubuhi, tumbo likitazama mbinguni, mara baada ya salongo. Hata mmoja hakubaki. Mama aliacha nguo zake juu ya jiwe, akamtafuta mzee kwa binti yake. Mimi nilimfuata.

"Papa, ile samaki ya fundi viatu, ulijua?"

"Niliona jana, maman."

"Basi samaki yangu ingekufa vilevile. Ulikuwa na haki."

"Kwa maji nilikuwa na haki. Kwa upepo hapana."

"Na juu ya nini haukukuja kuniambia? Nilikutukana mbele ya mutoto!"

Mzee alifikiri. "Maman, samaki yako ilipotea kwa mukono yangu. Ile ya fundi viatu hairudishe yako ata moya. Ningekuja kukuambia juu ya nini? Juu nionekane muzuri?"

Mama akarudi kwenye nguo zake. Jumamosi iliyofuata, kabla salongo haijaanza, aliwasimamisha wanawake juu kabisa ya barabara na kuwaambia wachimbe shimo. Walimwuliza kama ameugua. Aliwajibu kwamba kuanzia leo kijito hakibebi taka za ufagio wa mtu, na atakayesukuma hata ganda moja la ndizi atalifuata mwenyewe mpaka ziwani. Wengine walinung'unika, mtaa wa juu bado wanasukuma mpaka leo, na siwezi kuwadanganya wasomaji kwamba ghuba imekuwa safi. Mji unakua. Kila mwaka watu wanashuka kutoka Shabunda na Walungu, wanajenga juu ya mabonde, na sabuni yao, majivu yao na vyoo vyao vina njia moja tu, nayo inateremka. Ziwa linapokea na halisemi. Linakuwa la kijani, sisi tunafurahi kwamba kuna samaki, na hatujui ni siku gani kidogo kitageuka kuwa kingi. Yule mzee alikuwa mmoja wa wachache waliojaribu kujua.

Mwaka uliofuata nilimpigia makasia mara nyingi. Siku moja, tukiwa karibu na ncha ya mawe, alisema huku akitazama maji: "Weye ulijua ile upepo." Hakuwa anauliza. Nilishika kasia, sikuweza kumtazama. Nikasema ndiyo. Nilingoja hasira, au angalau kuguna. Alivuta kamba yake, akaikung'uta, akaniambia: "Siku ingine sema. Ata na sauti kidogo. Miye niko muzee lakini masikio yangu iko muzima." Halafu akanitajia namba ya fundo ili niiandike, tukaendelea na kazi. Kwa mama hakulisema neno hilo, wala siku ile wala baadaye, na mimi sikulisema pia. Mama atalisoma hapa, au atasomewa.

Nimefikiri sana juu ya kunyamaza kwake na kunyamaza kwangu, kwa kuwa juma lile sote wawili tulinyamaza. Yeye alinyamazia lile ambalo lingemtetea. Mimi nilinyamazia lile ambalo lingewasaidia wengine. Kwa nje mtu asingeona tofauti, watu wawili wamefunga midomo. Lakini kwa sababu ya kunyamaza kwake mama yangu alimwamini mpaka akawachimbisha shimo wanawake wa mtaa mzima, na kwa sababu ya kunyamaza kwangu mzee alisimama peke yake akitukanwa kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu. Nilichojifunza kwake ni kwamba neno la kujisafisha linaweza kungoja, hata likangoja milele bila kumdhuru mtu. Neno la kumwonya mwenzako halingoji. Mama, upepo wa pale nilikuwa naujua.